Fainali ya mdahalo wa vyuo Kilifi: tulitangazwa wa pili, kisha mtu akasimama

Wakuu, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa walionizidi umri, ingawa humu ndani nahisi hao wamebaki wachache.

Ninayoyaandika ni kweli tupu. Mwenzangu niliyesimama naye jukwaani yu hai, ana akaunti humu, na nikitia chumvi atanisuta hadharani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nasomea ukatibu katika chuo kidogo cha biashara, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Wazazi wangu walitoka Ukambani, na babangu alikuwa dobi katika hoteli moja ya Bofa. Mimi naitwa Mwende.

Mwenzangu ni Yasmin, binti wa muuza vitambaa wa Malindi. Babake hakutaka kabisa binti yake asimame mbele za watu kubishana na wanaume. Mwalimu wetu alikwenda dukani kwake mara tatu kumwomba. Mara ya tatu alirudi na ruhusa, pamoja na kitambaa cha suruali mbili ambacho hakuwa amepanga kununua. Hadi leo sijui nani alimshinda mwenzake kwa maneno.

Mwaka huo mashindano ya taifa ya vyuo, upande wa Kiswahili, yaliletwa Pwani, na wenyeji tukawa sisi. Chuo chetu hakikuwahi kuvuka raundi ya kwanza. Safari hii tukavuka ya kwanza, ya pili, na semi-final. Tukawa tunatazamana tu.

Jumamosi asubuhi mada ya fainali ikatolewa: "Hoteli za kitalii zimewaletea watu wa Pwani hasara kuliko faida." Kura ikapigwa, tukaangukia upande wa kuunga mkono.

Sasa sikieni. Mgeni wa heshima, ambaye angetoa kombe, alikuwa meneja wa hoteli ileile aliyofanyia kazi babangu.

Wadogo zangu wanne walikuwa wakisoma kwa ile kazi ya kufua mashuka. Babangu mwenyewe alikuwa amekuja kunitazama, kavaa koti lake la kanisani. Nikamvuta kando ya ukumbi.

"Baba, nikiyasema yote, watakufukuza."

"Hayo utakayoyasema ni uongo?"

"La."

"Basi sema, Mwende. Mashuka yako kila mahali. Nitafua kwingine."

Nikarudi ndani.

Wapinzani wetu walikuwa chuo kikubwa kutoka bara, mabingwa watetezi. Msemaji wao wa pili aliitwa Barasa, kijana mrefu mwenye sauti ya mhubiri. Kila mtu alikuwa na dakika saba, zikiisha inalia kengele ya kwanza. Ukiendelea kuongea baada ya kengele ya pili, timu yako inakatwa alama tano.

Nilianza mimi. Nilieleza njia ambayo mamangu na majirani walikuwa wakishukia pwani kununua samaki, hadi hoteli ikajenga ukuta na wao wakalazimika kuzunguka karibu saa nzima. Sikuitaja hoteli kwa jina, lakini meneja alivua miwani akaanza kuifuta. Nilimwona.

Yasmin yeye alisema mapazia ya hoteli yanaagizwa ng'ambo, huku vitambaa vikilala kwenye rafu za Malindi. Alimaliza sentensi yake ya mwisho kengele ya kwanza ikilia. Msichana alikuwa na saa kichwani!

Kisha akaja Barasa. Aliuliza ukumbini: "Nani hapa analishwa na hoteli? Nyoosheni mikono!" Mikono ikainuka kila upande. Na babangu naye akanyoosha wake.

Nikasema moyoni, tumekwisha.

Barasa alinogewa na makofi. Kengele ya pili ikalia, akaendelea tu.

Matokeo yalisomwa mwendo wa saa kumi. Jaji mkuu, mama mmoja wa makamo asiyecheka, akasema tofauti ilikuwa ndogo.

"Wenyeji wamekatwa alama tano kwa kupitisha muda. Kwa hivyo wamekuwa wa pili, kwa tofauti ya alama tatu."

Yasmin alinishika mkono kwa nguvu. "Sikupitisha, Mwende. Wallahi sikupitisha."

Nilijua. Lakini nani angetusikiliza? Wenyeji tukilalamika, si ingesemwa tunataka kupendelewa nyumbani kwetu? Mwalimu wetu aliinamisha kichwa. Wenzake Barasa walikuwa tayari wamesimama, wanakumbatiana.

Barasa hakukumbatia mtu. Alibaki amekaa, kisha akainua mkono.

"Madam, samahani. Hizo alama tano ni zangu. Mimi ndiye niliyepitisha. Huyu dada alimaliza na kengele ya kwanza."

Mwenzake mmoja alimvuta shati ili akae. Hakukaa.

Jaji akamwita timekeeper. Karatasi ikaangaliwa. Kumbe aliandika tu "msemaji wa pili", hakuandika wa chuo gani, na aliyejumlisha akakisia kuwa ni sisi.

Wakajumlisha upya. Jaji akarudi kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Mabingwa wa taifa ni wenyeji, kwa alama saba."

Jamani! Vigelegele vilipasua paa. Wapishi wa chuo walitoka jikoni na miko yao. Kisha Yasmin akatajwa msemaji bora wa mashindano, na nikamwona babake mlangoni. Alikuwa amefunga duka Jumamosi, bila kumwambia mtu, akaja. Alikuwa akimwambia kila aliyekuwa karibu, "Yule wangu! Yule wangu!"

Meneja alinikabidhi kombe. "Wewe ni binti wa dobi wangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Umenichapa kwelikweli," akasema, akanipa mkono.

Babangu hakufukuzwa. Alifua pale hadi alipostaafu. Ile njia nayo haikufunguliwa, msije mkadhani nawasimulia hadithi ya watoto.

Nilimuuliza baba mbona alinyoosha mkono. Akanijibu, "Aliuliza swali la kweli. Nilimjibu."

Najua mtaniuliza kama Barasa ndiye baba wa watoto wangu. La, hasha. Tulimshukuru, tukapiga picha pamoja, akapanda basi na wenzake ambao walikuwa hawamsemeshi. Sikumwona tena.

Nililojifunza ni kwamba ushindi wetu mkubwa ulipitia mdomoni mwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na kila nikisahihisha mitihani namkumbuka.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kombe limeshatangazwa lenu, wenzako wanashangilia, na ni wewe peke yako unayejua. Ungeinua mkono?

Mimi nimejiuliza miaka yote hii, na sina hakika na jibu langu.