Kipande Kilichoelea

Feni ikizimwa ghafla katika maabara yetu, hata kama joto linatuyeyusha, hakuna anayeuliza. Tunajua Wembe ameketi kukata. Anakata vitofali vidogo vya nta, na ndani ya kila kitofali kuna kinyama kilichotolewa kwenye ulimi, koo au shingo ya mgonjwa. Anakikata chembamba mno. Unywele mmoja tu una unene wa vipande vyake ishirini. Upepo wa feni unaweza kuvipeperusha vyote, na hata kikohozi ni kosa. Mimi nilipiga chafya mara moja, mwaka wangu wa kwanza kazini, na nasemwa mpaka leo.

Jina la Wembe alipewa na madaktari, naye akajifanya halipendi. Mimi namwita wifi, maana aliolewa na kaka yangu, na lawama zote za ndoa hiyo ni zangu. Kaka alianza kuja kunichukua kazini jioni, tabia ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani anamwonea huruma dada yake. Siku niliyoumwa nikabaki nyumbani, kaka alikuja kazini vilevile. Hapo nikaelewa. Sasa ni miaka ishirini na sita, wana binti mmoja, na kaka bado anamwogopa mke wake kidogo, jambo linalonifurahisha sana.

Chumba chetu kiko ghorofa ya chini, dirisha linatazama maegesho ya magari. Wifi anakaa upande wa dirisha, mbele ya mashine yake ya kukatia na bakuli pana la maji ya uvuguvugu. Akishakata kipande anakilaza juu ya maji, kinajikunjua chenyewe, halafu anakiokota kwa kioo cha hadubini. Kioo kinakuja kwangu nikitie rangi, ndiyo maana vidole vyangu ni vya zambarau hadi harusini. Kabla ya kugusa kitofali cha mgonjwa mwingine, wifi anapitisha karatasi laini juu ya maji ili mabaki ya huyu yasimfuate yule, kisha anatia alama ya vema kwenye daftari. Wanafunzi wanaokuja kwetu huwaambia, "Futa maji kabla hujafuta jasho." Wanaandika. Wengine hupiga mstari chini yake.

Miaka miwili iliyopita akaja daktari mtafiti, mwembamba, mpole, mdogo kiasi cha kuwa mtoto wetu. Tulimpa jina la Dokta Kwa Nini. Alikuwa na swali moja tu, na alituuliza hata sisi tukiwa tunakunywa chai: kwa nini watu wawili wanapata saratani ya ulimi inayofanana, wote wanakatwa, wote wanaambiwa imeisha, halafu mmoja anaishi mpaka anazeeka na mwingine baada ya mwaka inamrudia, tena shingoni au kwenye mapafu? Yeye alishuku kwamba kuna seli chache zilizojificha kwenye tezi za shingo, ambazo hazionekani kwa sababu tezi hukatwa mara moja au mbili tu, ikatazamwa, ikaitwa safi. Kwa hiyo alitaka kila tezi ikatwe tangu mwanzo hadi mwisho, vipande mia na zaidi. Kazi hiyo ingeweza kumtoa mtu machozi. Wifi aliipenda. Alisema hatimaye amepata daktari anayejua kutumia mkono wake.

Siku moja, saa tatu na nusu usiku wa kuamkia mapumziko ya shule, binti yao alipelekwa kujifungua, na asubuhi yake wifi alikuja kazini kama kawaida, maana alisema kukaa nyumbani kungemfanya aukate mwili wa kaka yangu badala ya nta. Simu yake aliniachia mimi. Ilipolia saa nne asubuhi nilipokea, nikasikia sauti ya mtoto kabla sijasikia ya mama yake. Shangazi mzima nikasahau nilipo. Nilimwinua wifi kwenye kiti chake, nikamkumbatia, nikamzungusha katikati ya chumba, na mtu akawasha feni. Tulicheka tukalia. Halafu wifi akajifuta uso, akazima feni, akakaa kukata. Siku ile ilikuwa nzuri kuliko siku zote nilizowahi kuwa kazini, na hata sasa siwezi kuijutia.

Wiki nne baadaye Dokta Kwa Nini aliingia bila kubisha hodi. Katika tezi ya mgonjwa wa arobaini na moja, mwanamke aliyekatwa sehemu ya ulimi na kuambiwa shingo yake ni safi, alikuwa ameona kifungu cha seli za saratani. Alimshika wifi mkono kwa mikono yake miwili. Alisema, "Mama, bila wewe tusingekiona." Kwa vile mgonjwa alikuwa amekatwa karibuni, na jambo lenyewe lingeweza kubadili matibabu yake, alikuwa amewaeleza madaktari wake, nao wameshamwita na kumwambia. Angepigwa mionzi shingoni wiki sita. Walikuwa wanasubiri tu meno yake yaangaliwe kwanza, maana mionzi ya shingo si mchezo: mate yanakauka, chakula kinakosa ladha kwa miezi au kwa miaka, wengine wanameza kwa shida mpaka mwisho wa maisha.

Nilidhani wifi atatamba wiki nzima. Badala yake akauliza kama kifungu kile kilionekana kwenye vipande vya jirani, cha juu na cha chini yake. Daktari akasema hapana, ni kipande kimoja tu, ila kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuanza na kuisha palepale. Wakubwa wake wamekubali kwamba ni heri kutibu kuliko kuacha. Akatoka akiwa na furaha yake.

Wifi akafungua daftari. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akasimamisha kidole, na hakukiondoa. Nikaenda kutazama. Mstari wa juu: uvimbe wa koo wa mzee mmoja, uliokatwa kwa haraka kwa ajili ya wodi. Mstari wa chini: tezi ya arobaini na moja. Na katikati, kwa mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameandika: mjukuu, wa kike, kilo tatu na robo. Alama ya vema haikuwepo.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu sipendi kukisema. Nilifunga mlango. Nilimwambia kwamba kukosa alama si kukosa kufuta, huenda alifuta akasahau kuandika. Nikamwambia hata kama hakufuta, nani atajua? Mgonjwa atapata tiba, tiba haiui, na yeye amebakiza miaka mitatu astaafu na jina ambalo halijawahi kuguswa. "Wifi," nikamwambia, "funika kombe mwanaharamu apite."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua pa kushika. Alikuwa anaangalia bakuli la maji.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Na shingo si yangu, wifi. Si yako pia."

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemwinua kwenye kiti. Akasema hilo analijua, na angeinuka hata nisingemwinua. Kisha akachukua daftari, akapanda ngazi kwenda kwa Dokta Kwa Nini, nami nikamfuata nyuma, kwa sababu kumuacha apande peke yake kungenishinda hata mimi.

Alieleza yote kwa sentensi tano au sita. Alisema kipande cha mzee wa koo kinaweza kuwa kilibaki kikielea kwenye maji, kikaokotwa pamoja na tezi ya mama yule, na mimi nikakitia rangi bila kujua. Hakusema ana uhakika. Alisema tu kwamba maji hayakufutwa, au hana ushahidi kwamba yalifutwa, na kwake yeye ni mamoja. Ugunduzi wa kwanza mkubwa wa daktari ulikuwa unamtoka mkononi, na uso wake ulionyesha. Halafu, Mungu ambariki, akauliza, "Kwa nini hatukufikiria hivi mapema?" Akavuta hadubini.

Alipotazama sasa kwa macho ya kushuku, aliona kwamba ili kifungu kile kionekane vizuri ilimbidi ainue lenzi juu kidogo kuliko kwa tezi yenyewe, kana kwamba kimekaa juu yake. Lakini hilo halikumtosha, wala wifi halikumtosha. Bahati ikawa upande wetu kwa jambo moja: mgonjwa wa tezi alikuwa mwanamke, na mwenye koo alikuwa mwanamume. Kuna kipimo kinachowasha doa dogo la mwanga ndani ya kila seli ya kiume. Waliomba mionzi isianze kwanza, wakakifanya kwenye kioo kilekile.

Siku tatu zile wifi hakula vizuri. Kaka yangu alinipigia simu kuniuliza nimemfanya nini mke wake. Nilimjibu kwamba nimemfanya bibi. Utani ulikuwa mbaya na wote wawili tulijua. Kazini aliendelea kukata, na baada ya kila kitofali alifuta maji mara mbili, akatia alama mbili.

Siku ya nne daktari alituita. Zima taa, akasema, na tukaweka macho kwa zamu. Tezi ya mama yule ilikuwa giza tupu. Kile kifungu kilichokaa juu yake kiliwaka doa katika kila seli. Kilikuwa cha mzee. Wifi alikaa chini kwenye sakafu, mwanamke wa miaka hamsini na saba, na akalia kwa sauti. Nami nilifurahi hata nikaona haya, maana ingekuwa kwa shauri langu, tungemuunguza mtu shingo nzima kwa ajili ya seli za jirani yake.

Mgonjwa aliitwa tena, akaelezwa ukweli wote, na hata jinsi ulivyojulikana. Akasema anataka kumwona aliyekosea. Daktari alimwambia wifi halazimiki kwenda. Wifi akavua koti la kazi, akalivaa tena, akaenda. Nikaenda naye.

Mgonjwa alikuwa mshonaji wa mapazia, mfupi, kilemba kimekazwa, anasema polepole kwa sababu ulimi wake umepunguzwa na kila neno analitafutia pa kupitia. Hakutukaribisha tukae. Wifi alimwomba radhi, akamwambia kosa lilikuwa lake, na hakutaja mjukuu. Nilitaka kumtaja mimi, akanikanyaga mguu.

"Wiki mbili nimekuwa nakufa," yule mama akasema. "Unajua mtu anayekufa anafanya nini? Anagawa. Nimegawa cherehani yangu. Nimempa mdogo wangu, na mdogo wangu akishika kitu haachii."

Wifi akasema pole.

"Nani alikulazimisha useme?"

"Hakuna."

Alimtazama wifi kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa kweli nilikuwa na ya kwangu ya kujibu kama yangehitajika.

"Basi Jumamosi utakuja na mimi kwake," akasema. "Wewe ndiye utakayemwambia kwamba sifi."

Jumamosi tulikwenda watatu. Mdogo mtu alifungua mlango, akatuona, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa dada yake kama anayetafuta ni wapi pamezidi kuumwa. Wifi alizungumza akiwa bado kizingitini. Alisema amefanya kosa maabara, kwamba kilichoonekana kilikuwa cha mtu mwingine, kwamba shingo ya dada yake ni safi, ataendelea kuangaliwa kliniki kama wote waliokatwa, lakini mionzi haipo na hakuna kilichosambaa. Mdogo mtu alimwambia arudie. Wifi akarudia.

Akatuingiza hadi chumba chake cha kulala. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imegeuzwa ukutani, imefunikwa shuka mpaka chini. Haikuwa imeguswa hata uzi. Mshonaji aliiona, akamwona mdogo wake, na nadhani hapo ndipo alipojua kwamba amekuwa akimsema vibaya miaka yote. Yule mdogo akafuta uso kwa kiganja, akaivuta shuka.

"Itoeni," akasema. "Wiki mbili nalala sebuleni kwa sababu yake."

Wifi akashika upande mmoja, mshonaji akashika upande wa pili, na nilipotaka kusaidia mama yule akanikataza, akasema wawili wanatosha.