Sala Niliyokosea Makaburini

Mtoto yule alikuwa hajatimiza miaka miwili. Malaria ilimchukua Jumanne, na Jumatano tukamzika huku Itetemia, Tabora, pembeni mwa shamba la mahindi la babu yake. Mchungaji alikuwa safarini Igunga, kwa hiyo ibada iliniangukia mimi, mwinjilisti wa mtaa. Sikuona tabu. Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi hiyo, maneno yote nilikuwa nayo kichwani.

Nilifumba macho nikaanza kusali, na mdomo ukaenda wenyewe. "Tunakushukuru, Bwana, kwa siku nyingi ulizomjalia mja wako. Ameona wana, ameona wajukuu, amelala akiwa ameshiba umri. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Hapo ndipo nilipoyasikia niliyoyasema. Nilipofumbua macho, mama wa mtoto alikuwa ameinua kichwa kutoka begani mwa dada yake, ananitazama. Hakuonekana kukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Baba wa mtoto, kijana fundi baiskeli, alinifuata nilipokuwa nanawa mikono.

"Mwinjilisti, wajukuu gani?"

"Nisamehe, baba. Ulimi umeteleza."

"Ulimi haukuteleza," alisema taratibu. "Wewe ndiye hukuwepo."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Nilidhani atashangaa. Aliendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, "Mbona mimi najua siku nyingi? Hapa mezani unasali kama mtu anayepiga chafya."

Sijui moto wangu ulizimika lini. Ingekuwa ni dhambi kubwa ningetubu. Ingekuwa ni ugomvi ningepatana na mtu. Ilikuwa kama mtungi wenye ufa: kila siku unachota, unaona maji bado yamo kidogo, mpaka siku unatia kata inagonga udongo.

Nilipomweleza mchungaji, aliniambia nifunge siku tatu na kuomba. Nilifunga. Siku ya kwanza nilisali zaburi. Siku ya pili nilisali kimya. Siku ya tatu nilikuwa na njaa tu.

Basi nikapanda treni kwenda Usinge, nilikoanzia utumishi nikiwa kijana. Enzi hizo nilitembea kwa miguu hadi nyumba za mwisho kabisa, msitu unapoanza, na nikisoma habari za mateso ya Bwana sauti ilinikatika mbele za watu. Nilitaka kupaona mahali ambapo kijana yule aliishi. Labda nilifikiri nitamkuta.

Bibi aliyenipa chumba miaka ile alikuwa bado hai, amekaa kibarazani kwake, macho yamefifia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

Nilimweleza. Akacheka. "Aa, wewe! Yule aliyekuwa akichelewesha watu kula kwa sala ndefu!"

Nilikaa chini nikamwambia yote, hata ile sala ya makaburini.

"Ulipokuwa hapa ulikuwa hujamzika mtu hata mmoja," alisema. "Tangu uondoke, umezika wangapi?"

"Siwezi kuhesabu, bibi."

"Na ulimlilia nani?"

Nilikumbuka jinsi nilivyojifunza, mazishi baada ya mazishi, kutazama mbali kidogo, juu ya vichwa vya wafiwa, ili sauti isikatike na ibada iishe salama. Nilikuwa nimeiita hali ile ukomavu.

"Hakuna," nilisema.

Nilingoja anishauri. Badala yake alisema, "Na mimi sala zimenikauka, huu mwaka wa tatu. Kanisani nawafuata watu." Akaniuliza kama nitakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Tulikula, hatukuongea tena habari hiyo.

Asubuhi nilikwenda mahali nilipokuwa nikisalia zamani, chini ya miombo. Miti haikuwepo. Palikuwa na shamba la tumbaku, na bani la kukaushia majani yake. Nilipiga magoti kwenye tuta hivyo hivyo. Nilisema, "Bwana," nikakosa neno la pili. Mwenye shamba alikuja akanikuta.

"Umepoteza kitu, mzee?"

"Ndiyo."

"Simu?"

Nilisema ndiyo, simu. Mwenzangu yule akainama, akaanza kunisaidia kutafuta kati ya mashina. Nilimwacha atafute. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ukweli.

Niliporudi Tabora nilikwenda kwa mama wa mtoto. Alikuwa anabangua karanga.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema. "Na ukiniruhusu, nisali upya, sala inayomfaa."

"Usisali," alisema. "Jina lake unalijua?"

Siku ya mazishi niliandikiwa kwenye karatasi, nikalisoma, likanitoka. Nilitikisa kichwa. Akalitaja jina mara mbili, polepole, kama unavyomfundisha mgeni. Kisha akanieleza kwamba mtoto alikuwa akiwaogopa kuku, lakini kila asubuhi aliwafuata, wakigeuka anakimbia anapiga kelele. Alieleza akiwa anabangua, hakunitazama. Nilitaka kulia. Machozi hayakuja, ila nilitaka, na ilikuwa miaka tangu nitake.

Nilimwomba mchungaji aniondolee mazishi. "Nani atazika?" aliuliza. Kweli, hakuna mwingine.

Siku hizi kabla ya ibada naingia ndani kwa wafiwa, nauliza marehemu alipenda nini, alimkera nani, alicheka vipi. Wazee wanalalamika kwamba jua linapanda na jeneza linangoja. Kisha natoka nasimama kaburini, na moyoni ni baridi ile ile. Jumapili watu wananishika mkono mlangoni wakisema nimewabariki. Nawaitikia amina. Nimeacha kumwambia mke wangu kwamba moto utarudi, naye ameacha kuniuliza.