Kinya cha Kichwani

Hata leo nikipita karibu na soko la Gisenyi, kule Rwanda, huinamisha uso, maana wale mama wauza samaki hawasahau, na aibu ni yangu, si yao, kwa hiyo chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, na miaka ile ya Wabelgiji sikuwa nimemaliza hata mwaka Gisenyi nikampenda Zaina, binti wa Mzee Ramadhani, muuza vitambaa. Mzee hakuwa na neno nami, ila mama yake mzazi alikuwa hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na Mzee alishasema, "Mukwe asiyesikilizana na mama yangu, mi simutaki." Nami kwa kiherehere changu nikamwambia Kinyarwanda nakisikia chote. (Chote! Nilijua salamu na bei ya vifungo.)

Basi siku ya kupeleka posa kichwa kikanianza pale pale barazani kwao. Kilikuwa kikinisumbua tangu zamani, kwa kuinamia cherehani, maumivu yanaanzia kisogoni yanapanda mpaka nyuma ya jicho, lakini siku hiyo nilitapika mbele ya wakwe, macho hayaoni, na Mzee mwenyewe akanikokota mbio mbio hospitali.

Daktari Mzungu akanibonyeza kisogoni mahali pamoja tu, nikapiga yowe, akasema Kifaransa chake akaenda kutayarisha sindano. Muuguzi, mtu mpole wa Nyundo, akaninyoa kipande cha kisogo kwa wembe, kisha akaniuliza, "Nikuelezee kwa Kiswahili?" Na Mzee kasimama mlangoni, masikio wima! Nikajibu, "Oya," yaani hapana, "Kinyarwanda kinatosha."

Naye akasema taratibu, "Bagiye kugutera ikinya mu mutwe."

Mutwe nilijua ni kichwa. Na kinya, jamani, mtoto wa Ujiji haulizi: kinya ni kile mtu anachokiacha chooni. Na daktari huyo anaingia, sindano mkononi!

Niliruka kitandani nikatokea dirishani (mlangoni alikuwa Mzee), shuka la hospitali shingoni, kisogo kina upara, mbio hadi sokoni, napiga kelele, "Nisaidieni, wanataka kunitia mavi kichwani!" Wanawake wakaacha samaki wao wakanizunguka, na mmoja akauliza, kwa huruma kabisa, "Mavi ya nani, papa?"

Kichwa kilinipiga pigo moja, nikakaa kitako ndani ya kapu lake la samaki.

Mzee na muuguzi wakafika wanahema. "Yampayinka!" muuguzi akapiga kelele. "Nilisema ikinya! Ikinya ni ganzi! Ni dawa ya kulalisha ule mushipa unakuuma!"

Soko zima likaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Akaniangalia mle kapuni.

"Donc, kumbe Kinyarwanda husikii."

"Sisikii, baba," nikasema, na machozi yananitoka, si ya kichwa tu. "Niliogopa utaninyima Zaina."

Nikajua binti nimeshamkosa. Lakini Mzee akaninyanyua kwa kwapa. "Simama. Kichwa kwanza."

Akanirudisha, akanishika mkono wakati sindano inaingia, na wallahi, daktari hajamaliza kufuta damu, kisogo kikawa si changu tena, sikio lote ganzi, maumivu yakapungua, yakapungua, yakaisha. Nililia kama mtoto. Ilikuwa raha tupu, lakini Zaina sikuwa na uhakika naye hata kidogo.

Jioni Mzee akamsimulia mama yake kila kitu, hakubakiza hata kapu. Bibi alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, halafu akasema maneno ambayo Zaina alikuja kunifasiria, midomo inamcheza kwa kicheko: "Amekimbia kwa ajili ya kichwa chake, lakini amedanganya kwa ajili ya mjukuu wangu. Mleteni, nitamfundisha mwenyewe."

Akanifundisha, na neno la kwanza lilikuwa ikinya.

Sasa nina wajukuu, na nimeapa kutojifanya najua nisilolijua. Mke wangu Zaina akinieleza jambo kwa lugha ya kwao, akamalizia, "Urabyumva?", yaani umeelewa, mimi humjibu, "Oya," hata kama nimeelewa. Naye hucheka, akaanza tena upya.