Dishi la Baba Lilipohamia Misugusugu

Baba alikubali kuhama Kurui kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa na upana wa futi nane. Kitanda chake hakukitaka, kabati hakulitaka, hata kuku aliwagawia majirani. Alichotaka ni dishi lake lije, tena si kuja tu. Likisimama nyumbani kwangu Misugusugu, lipate kila kitu lilichokuwa likipata kule Kurui.

"Likishindwa," aliniambia, "nitarudi kwangu, na usije ukanizuia."

Nilikubali upesi kwa sababu nilikuwa na hofu. Mwezi uliotangulia alikuwa ameteleza bafuni, akalala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka saa kumi, jirani alipokuja kuazima jembe. Muda wote huo mimi nilikuwa ofisini Kibaha, nagonga mihuri kwenye karatasi za watu. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mimi, binti yao, ndiye mtoto wao wa pekee. Baada ya siku ile, simu ikiita tu naacha mhuri, naipokea kabla haijaita mara ya pili. Kwa hiyo hata angesema anakuja na mnara wa simu, ningemwambia karibu Baba, tutaubana pale penye migomba.

Dishi lenyewe sikuwa nalipenda, niseme ukweli. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, na alipostaafu, wenzake walinunua bodaboda na mashine za kusaga. Yeye alinunua dishi la mota. Dishi la kawaida hutazama mahali pamoja angani likatulia, lakini la Baba lilikuwa na mkono wa chuma mgongoni, unaolisukuma taratibu kutoka mashariki kwenda magharibi, likipita satelaiti moja baada ya nyingine. Unabonyeza rimoti sebuleni, unalisikia huko nje linanguruma, halafu vinakuja vituo vya nchi ambazo hata hujui wanakula nini. Baba alikuwa anaweza kukaa saa nzima akitazama utabiri wa hali ya hewa wa watu wasiomhusu. Mama alilipa dishi jina la mke mwenza. "Nenda kamwangalie mwenzangu," alikuwa akimwambia mvua ikianza, "asije akalowana."

Lakini Mama naye alinaswa. Kwenye satelaiti ya mwisho kabisa upande wa magharibi, pale mota inapokaribia kugota, palikuwa na kituo kilichoonyesha kwaya kila Jumapili saa tisa alasiri. Walikuwa wanawake watu wazima, wamefunga vitambaa vyeupe, kwenye kanisa la mawe lililoko milimani. Lugha yao hatukuijua. Mama alikuwa amezaliwa milimani huko kaskazini kabla hajaolewa akaletwa Pwani kwenye joto, na alikuwa mwimbaji wa kwaya maisha yake yote. Alisema wale ni watu wa kwao, wamekosea njia tu. Baada ya mwaka akawa anaweza kuwaitikia, maneno asiyoyaelewa hata moja, na Baba anatikisa kichwa kwa furaha kana kwamba amemfundisha yeye.

Mama alipofariki, Baba hakuacha. Kila Jumapili saa tisa alikuwa mbele ya kwaya ile, peke yake, amevaa shati la kanisani. Kwa hiyo aliposema dishi lipate "kila kitu", nilijua anamaanisha kituo kimoja.

Tulilisimamisha mwezi wa nne, masika imekolea. Nguzo aliisimamia mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na pima maji mkononi, mimi nikishindilia mawe na udongo kuizunguka. Nilikuwa nimekwisha kununua mfuko wa saruji, nikauliza tuchanganye zege saa ngapi.

"Zege halina haraka," alisema. "Tutamwaga nikishajua."

Hakusema akishajua nini. Nilimkasirikia, mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikaenda kumpa fundi wa jirani saruji yangu kwa kiburi tu. Hasira zangu zimenigharimu vitu vingi kuliko saruji.

Mota ya namna ile haidai mambo mengi, inadai moja. Ekseli yake, yaani mhimili linakozungukia dishi, ilale sawasawa kaskazini na kusini. Ukikosea, satelaiti ya katikati utaipata vizuri na utajisifu, lakini kadiri dishi linavyokwenda pembeni ndivyo linavyozidi kutazama hewa tupu. Baba alijua njia ya kuipata kaskazini kwa fimbo na kivuli cha jua, ameifundisha miaka thelathini. Jua lenyewe ndilo halikuwepo, wingu lilitufunika wiki nzima. Nikaleta dira ya kwenye simu. Nikaisogeza karibu na nguzo ya chuma, mshale ukaanza kuzunguka kama kuku aliyechinjwa.

"Weka simu yako," akasema Baba. "Kanisa si lile pale?"

Kule Kurui ndivyo alivyofanya. Kanisa la kule lilijengwa na wazee wa zamani, madhabahu inatazama mashariki kama mapokeo yanavyotaka, na yeye alipimia ukuta wake akapata mistari yake yote. Kanisa la kigango chetu cha Misugusugu lilikuwa linaonekana vizuri kutoka uani. Baba akatazama ukuta wa madhabahu, akanyoosha mkono, akapima, akageuza kichwa cha nguzo. Satelaiti ya katikati ikaja mara moja. Alinitazama kwa macho ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake alibisha darasani.

Tulipolipeleka magharibi hatukupata kitu. Mashariki pia hakuna. Siku tano tulihangaika, nikiwa nimeomba ruhusa kazini, yeye uani na spana, mimi sebuleni mbele ya runinga, tukipigiana kelele dirishani. Mimi nasoma namba za nguvu ya mawimbi: kumi na mbili, kumi na nne, tisa, sifuri. Yeye anasema nimesoma vibaya. Mimi nasema sifuri haina namna mbili za kusomwa. Jumapili ikafika. Saa tisa nilimkuta sebuleni amekaa na shati lake la kanisani, amefunga vifungo mpaka shingoni, mbele ya kioo cha bluu kisicho na picha. Nilitaka kumkumbatia, na badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumatatu asubuhi begi lake lilikuwa kitandani, limefunguliwa, nguo mbili zimekwisha kuingia.

Nilitoka nje ili asinione ninavyolia, nikamkuta jirani yetu wa upande wa pili wa uzio wa michongoma. Ni mama mtu mzima, mjane, anayeuza vitumbua kila asubuhi, na uso wangu aliusoma kabla sijaufuta. Akazunguka akaingia uani na sahani iliyofunikwa. Baba naye akatoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Huu ungo wenu una nini? Wiki nzima nawasikia mnagombana."

"Hatugombani," nikasema.

"Haya, mnashauriana. Una nini?"

Baba ni mtu asiyeweza kumnyima mtu somo. Akamweleza yote, mota, ekseli, kaskazini, na jinsi alivyopimia kanisa. Yule mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Mwalimu wangu! Lile kanisa limefuata kiwanja. Nilikuwepo likijengwa, nikiwauzia mafundi vitumbua. Walitaka mlango utazame barabara, watu wasizunguke. Mashariki iliulizwa na nani?"

Baba alikunja uso. "Sasa wewe mashariki yako unaijuaje?"

"Ya mashariki siijui. Ninaijua kaskazini. Si ndiko ninakoelekea nikiswali, mara tano kwa siku?"

Baba alitupia kanisa jicho. Kisha akageuka, akaingia ndani bila kuaga, nikaona aibu kwa niaba yake. Alirudi na atlasi yake ya kufundishia, ile iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia, akaifungua juu ya kiti cha plastiki. Akaweka kidole Kibaha, akakipandisha polepole, Kenya, Habeshi, akavuka Bahari ya Shamu. Kikasimama Makka. Hakikuwa kimepinda ila kidogo sana kulia.

"Nimefundisha ramani hii miaka thelathini," alisema. "Watoto wa Kiislamu nimewafundisha, na misikiti naipita kila siku. Kumbe nimekaa na dira mlangoni, mimi napimia mlango wa padri!" Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Barazani kwa yule mama palikuwa na mstari uliochorwa kwenye saruji ilipokuwa mbichi. Ustadhi wa msikiti wake aliuchora mwenyewe nyumba ilipokwisha, ili mkeka wa kuswalia ukitandikwa usiende upande. Tulivua viatu, tukaweka ncha ya uzi wa kujengea juu ya mstari ule, mama akaushika pale kwa vidole viwili, na mimi nikauvuta juu ya michongoma mpaka uani kwetu, ikanichana mkono wote. Baba akageuza kichwa cha nguzo kikafuata uzi. Halafu akakirudisha kwa unywele, kwa ajili ya kule kupinda kidogo kwa Makka.

"Isogezwe Makka?" jirani akauliza kutoka barazani kwake, vidole bado viko kwenye uzi.

"Makka haisogei, mama. Ninasogea mimi."

Kazi ya kumalizia tuliiacha mpaka Jumapili, kwa sababu ruhusa yangu iliishia siku ile, na Baba alisema kituo kile kitafutwe siku yenyewe ya kwaya. Begi lake lilibaki kitandani vilevile. Usiku alikuwa akilishusha chini ili alale, na asubuhi analirudisha.

Jumapili tukaanza saa nane na nusu. Dishi likanguruma, likalala upande wa magharibi mpaka karibu kugota. Kwenye runinga ule mkanda mwembamba wa kijani unaoonyesha nguvu ya mawimbi ukatokeza, mfupi, ukapotea, ukatokeza tena. Upo! Nikapiga kelele: "Kumi na nane! Ishirini na moja! Kumi na tisa, rudisha!" Manyunyu yalikuwa yanapiga bati, na Baba masikio yake si ya zamani. Nikapaza sauti zaidi, nikawa mkali bila kutaka. Mkanda ukashuka mpaka mwisho. Saa tisa kasoro dakika tano nikamwona dirishani ameshusha mikono, spana inaning'inia, mvua inamtiririka kwenye kofia.

"Namba hazinifikii," alisema. "Mama yako hakuwa akisoma namba."

Nilijua. Kila likizo niliyokwenda Kurui niliwaona wakilirekebisha dishi. Mama alikuwa haoni namba bila miwani, na miwani ilikuwa haionekani kamwe, lakini urefu wa mkanda wa kijani aliuona. Basi alikuwa akiimba. Wimbo mmoja wa kwaya ya kina mama, bila maneno, aa na oo tupu. Mkanda ukiwa mfupi, aliimba chini kabisa kwenye kifua. Ukirefuka, sauti inapanda. Ukishuka, anashuka nao. Picha ikitokea, ananyamaza, na Baba kule nje anakaza nati. Kwa masikio ya Baba namba zote zilikuwa zimekwisha kuwa kelele moja, ila kupanda na kushuka kwa sauti ya mwanamke bado alikusikia.

Shida ni kwamba mimi siimbi. Kwaya ya shule waliniondoa kwa amani ya wengine, na sijawahi kuwalaumu. Na wimbo ule sikuwa nimeuweka mdomoni tangu mazishi, kwa sababu niliuogopa.

Nikauanza, chini, sauti imekwaruza. Baba alitulia. Kisha akainua spana.

Mkanda ukasogea, nikapanda kidogo. Ukarudi, nikashuka. Nilikuwa nimekosea ufunguo na kila nilipopanda niliteleza, lakini mkono wake ulikuwa unanifuata, nikauona dirishani, polepole, polepole, mkono uleule uliokuwa ukimfuata Mama. Nikapanda mpaka pale ambapo sauti yangu haifiki, nikafika hivyohivyo. Kioo kikapepesa. Wakatokea wanawake wa vitambaa vyeupe, kanisa lao la mawe, midomo wazi, katikati ya ubeti.

Nikanyamaza.

Nje spana haikugonga nati. Nilisubiri, nikadhani hakuelewa, nikasogea dirishani. Alikuwa amesimama ameshika nguzo kwa mikono miwili, paji la uso limeegemea chuma.

"Imekuja, Baba."

"Najua imekuja. Si umenyamaza." Hakuinua kichwa. "Endelea kidogo."

Nikaendelea. Nyuma yangu wale wakiimba wao, na mimi nikiimba wa Mama, nyimbo hazikupatana hata kidogo. Niliumaliza wote. Ndipo niliposikia nati zikikazwa, moja, ya pili, ya tatu, na sauti yake ikaja dirishani, nzito ya mafua au ya kitu kingine.

"Kesho ukitoka kazini," alisema, "pitia dukani. Lete mfuko wa saruji."