Tukingoja Sehemu ya Pili

Jioni moja wiki iliyopita, tukiwa Forodhani, binti wa kaka yangu aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijaniacha nikatulia. Anasomea kutengeneza filamu, na mwalimu wao amewataka kila mmoja ataje filamu moja ya zama hizi ambayo watu watakuja kuikumbuka hata baada ya sisi kuondoka. "Shangazi, wewe ungetaja ipi?" Nilikuwa na mshikaki wa pweza mkononi, nikauacha ukapoa. Nilitaja moja nikaifuta. Nikataja ya pili, nayo nikagundua nusu yake imeshanitoka, na niliitazama mwezi uliopita tu kwenye simu. Hebu jaribu na wewe uone.

Iliyonijia ni ile tuliyoitazama kwa jirani, mtaani kwetu Ng'ambo, nilipokuwa darasa la tatu au la nne. Filamu zetu wakati ule ziliuzwa kwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza hukukata pale pale penye utamu, kisha unangoja sehemu ya pili ivuke na boti kutoka Dar, na boti nayo ina yake. Jirani yetu alikuwa mkaanga bajia, na mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na deki ya video isiyokwama. Tulikaa mkekani, macho yakituwasha kwa moshi wa mafuta, naye akigombana na watu wa ndani ya televisheni kana kwamba wanamdai.

Bibi yangu, niliyekuwa nikiishi naye, hakuja. Babu alikuwa amefariki, na bibi yumo ndani anakaa eda: hatoki, hajipambi, hagusi manukato. Kwa hiyo mimi nilikuwa macho yake. Nikirudi namkuta sebuleni anachagua mchele kwenye ungo, na kabla sijavua viatu ameshaniamuru, "Anza mwanzo. Usinirukie." Alitaka kujua hadi walichopika. Nikikosea kanga aliyovaa mtu, ananirudisha kwa jirani nikaulize.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mjane. Shemeji zake wanamtupia sanduku uani na kumfukuza nyumbani kwake. Sehemu ya kwanza inaishia usiku, mvua inanyesha, yeye amesimama mbele ya mlango ule ule, ameinua mkono kupiga hodi. Hapo picha ikakatika. Nilipomsimulia bibi, ungo ulisimama. "Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu, bibi, mpaka boti.

Sikuelewa wakati ule kwa nini alikosa raha. Nilikuja kuelewa kidogo siku kaka yake babu alipokuja, akakaa ukumbini na kumsemesha bibi kutoka nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Alisema kwa sauti ya upole kwamba eda ikimalizika, shemeji yake ajitayarishe kwenda kwa jamaa zake shamba, nyumba ya marehemu ina wenyewe. Nyumba ile bibi aliachiwa na baba yake. Lakini babu ndiye aliyeiezeka mabati mapya, na tangu hapo watu wote wakaiita ya babu, na bibi kwa heshima hakuwahi kumsahihisha mtu. Siku ile pia hakumsahihisha. 

Kila siku nikitoka skuli ananiuliza, "Ishakuja?" Bado. Akaacha kula vizuri. Usiku namsikia anatembea chumbani, kandambili zake zikiburura sakafuni, nami nalala nikiichukia boti.

Sehemu ya pili ikaja hatimaye. Na ilikuwa mbovu, nakwambia kweli. Yule mjane alipiga hodi, akafukuzwa tena, akalia, akaenda zake bara akaolewa na tajiri mwenye gari. Nilimsimulia bibi yote bila kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akausukuma ungo pembeni.

"Siyo hivyo," alisema. "Hakupiga hodi. Aliushusha mkono. Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akaingia. Yule mwanamke yuko kwake, hodi ya nini?"

Nilicheka. Kesho yake nikampelekea jirani kama kichekesho, naye hakucheka hata kidogo. Akawasimulia wanunuzi wake wa bajia, na wao wakaenda nayo makwao.

Eda ilipomalizika bibi alikoga, akafukiza udi, akavaa kanga mpya. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kukaa kwenye baraza ya jirani. Kaka yake babu alifika na mzee mwenziwe. Wakapiga hodi, wakapiga tena. Bibi akanyanyuka taratibu, akavuka njia, akafungua fundo la kanga mbele yao na kuuzungusha ufunguo kitasani. "Karibu, shemeji," alisema. "Karibu kwangu." Hawakukaa hata kumaliza kahawa, na habari ya shamba haikutajwa tena.

Binti wa kaka yangu ametafuta filamu ile mtandaoni. Ameipata sehemu ya kwanza tu, picha imefifia, sauti inakoroma. Sehemu ya pili haipo popote. Nilikwenda kumwona jirani, sasa mzee sana, nikamuuliza ilimalizikaje. "Alitoa ufunguo," akanijibu. "Si tuliiona wote kwangu!" Sikumbishia. Nilipomjibu binti swali lake nilimtajia hiyo, na mwisho niliompa ni huo wa bibi.

Bibi ameshatutoka. Tuliirithi nyumba watu wengi, tukaiuza tukagawana, na sasa pale pamejengwa ghorofa lenye mlango mmoja mkubwa wa chuma. Nikitoka kwa jirani juzi miguu ilinipeleka huko yenyewe. Mlinzi hakuwapo. Nilisimama mbele ya mlango ule, nikajipapasa kanga kama mtu aliyesahau kitu, kisha nikaona mkono wangu umeinuka kupiga hodi.