Upanga wa Pili

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi moja ya serikali mjini Kigoma. Kwa mtu aliyezaliwa Mwamgongo, kijiji cha Waha, kazi ilikuwa nyepesi: Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mabosi wetu, waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, hawakuelewa hata kimoja.

Daktari mmoja Mjerumani wa kambini alikuja na lundo la fotokopi za kitabu cha kale cha kwao, kinachofundisha kupigana kwa upanga mrefu wa mikono miwili. Alikosa wa kucheza naye, akatupata sisi wawili: mimi, na seremala Mrundi aliyekuwa na kibali cha kuishi mtaa wa Rusimbi na kufanya kazi mjini. Kibali kile kilikuwa uhai wake. Kambini, alinieleza, kulikuwa na watu waliomjua tangu kwao na wasiomtakia mema.

Seremala alichonga panga kwa mabaki ya mbao za mitumbwi. Kila Jumamosi alasiri tulikutana ufukweni Ujiji, mbele kidogo ya pale wanawake walipoanika dagaa. Daktari alitusomea mikao: Ng'ombe, Jembe, Mpumbavu. Seremala alicheka, akasema huyo si askari, ni mkulima wa kwao mwenye shida zake. Mimi nilisema Wajerumani walimwonjesha babu yangu kiboko na bunduki, upanga wakamficha. Daktari aliinamia karatasi zake, na mimi nilifurahi kuwa nimemchoma.

Somo kubwa la kitabu kile lilikuwa moja. Panga zikigusana, usikimbie. Bakia pale pale, usikilize kwa mikono kama mwenzako anasukuma au analegea, ndipo uamue. Seremala alilishika siku ya kwanza, kwani mkono wake ulizoea kusikiliza mbao chini ya randa. Mimi, kila tulipogusana, niliuvuta upanga wangu nyuma.

"Mkono wako unakimbia, bwana," aliniambia, kila Jumamosi.

Mkataba wa daktari ukaisha, akaenda zake, akatuachia karatasi. Tuliendelea wawili. Lakini wanawake wa dagaa walishaanza kuulizana kama sisi tuna wake nyumbani, na mimi nikaona aibu. Karani mzima wa serikali, na kijiti begani! Nikaanza kumwachia seremala upanga wangu auhifadhi, nisikutwe nao njiani na watu wa ofisini. Hakuniuliza sababu. Aliifahamu.

Jumamosi moja alitoka ufukweni moja kwa moja kwenda Mwandiga kupima paa la mteja, panga zote mbili zimefungwa kwenye baiskeli pamoja na zile karatasi. Akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Upanga mmoja wa mbao ungekuwa mchezo. Panga mbili, na picha za watu wakipasuana vichwa, na maandishi yasiyosomeka na mtu yeyote, hiyo ni shule ya vita.

Jumatatu aliletwa ofisini kwetu. Kiswahili alikijua vizuri, lakini utaratibu ulitaka mkalimani, basi nikaitwa. Ofisa alitandaza panga mezani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema maneno matano tu, na karani mwenye ajira angekemewa, labda angehamishwa, naye seremala angerudi kwenye randa yake. Ofisa akauliza upanga wa pili ni wa nani, na mwanafunzi wake yuko wapi.

Seremala alinitazama. Alinisubiri kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akinisubiri ufukweni panga zikigusana. Mimi nikatazama meza.

"Zompi ni izanje," akasema kwa Kirundi.

Ofisa akanigeukia.

"Anasema zote mbili ni zake," nikafasiri. Sikukosea hata neno moja.

Kibali kilichukuliwa asubuhi ile ile, naye akapandishwa lori la kambini. Sikuuliza habari zake, kwa sababu niliogopa kujibiwa, na wanaosema muda huponya hawajui wanachosema. Mimi ni mwoga, na nimezeeka nikiwa mwoga.

Panga zilikaa stoo siku tatu, kisha mpishi wa ofisi akazipasua kuni. Chai ilichemka saa nne kama kawaida, nami nilikunywa kikombe changu pamoja na wengine.