Kinyozi Aliyekatazwa Utani

Wanafunzi wetu pale Kihesa walimpachika Madamu Ikupa jina la Vuta-Achia, na wala hakulichukia. Alikuwa mwalimu wa Baiolojia na mwalimu wa ushauri nasaha, na kila aliyeingia ofisini kwake akiwa na stresi, awe mwanafunzi, mpishi au mkuu wa shule, alikalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuambiwa avute pumzi, aishike, aiachie polepole. Mimi Lea, mwalimu wa Jiografia, meza yangu ilipakana na yake. Nimevutishwa na kuachishwa pumzi kuliko mgonjwa wa pumu.

Nisimnyime haki yake. Kabla hajaanza kazi ile, kila mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia, wasichana wa bweni walikuwa wanaanguka. Mmoja alipiga ukelele, na kabla ya chakula cha mchana bweni zima lilikuwa linalia na kugaragara. Wengine walisema ni mapepo, wakaitwa wachungaji, wakaja na maombi yao, wakaondoka, wasichana wakaendelea kuanguka. Ikupa yeye aliwauliza wanalala saa ngapi. Kumbe walikuwa hawalali. Walikuwa wanakesha na daftari na chai ya rangi kali, wakiogopa kurudi nyumbani na sifuri. Akawapangia ratiba ya kusoma na ya kulala, akawafundisha kukaza misuli na kuilegeza, akawakimbiza uwanjani kila jioni na baridi yetu hii ya Iringa, wakilalamika. Msimu ule hakuanguka hata mmoja. Hata mimi nilikuwa navuta na kuachia mlangoni kabla ya kuingia kidato cha pili B, na ilinisaidia kutomtupia mtu chaki.

Sifa zikasambaa. Ofisi za Mbeya zikaanza kumwalika kuwafundisha wafanyakazi wao. Kwa vile yeye mwenyewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na binti yake Anjela alikuwa anasoma chuo hukohuko Mbeya, alikwenda kwa furaha. Aliwaambia wafanyakazi wapumue, watembee, walale mapema, wazungumze na mtu wanayemwamini. Aliwaambia pia wasikae karibu na watu wanaowadharau, na wasijibu hasira kwa hasira. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyomponza nyumbani kwake.

Mume wake Vitus alikuwa Mhehe mpole, mrefu, asiye na maneno mengi akiwa nyumbani. Kazi yake ilikuwa kugawa maji kwenye mashamba ya mpunga kule Madibira. Mtu asiyeijua kazi hiyo anaweza kudhani ni kufungua na kufunga milango ya mfereji tu. Maji yakipungua, kila mkulima anataka shamba lake lianze, na anayesimama kati ya mkulima na maji ni Vitus. Alitukanwa asubuhi, akatukanwa mchana, na kwa nafasi yake hakuruhusiwa kujibu hata neno moja. Alijibu kwa kutikisa kichwa. Presha ikampata. Daktari alimwambia yeye na mkewe, wote wawili wakiwa wamekaa pale, kwamba bila kuituliza ile presha ingempiga siku moja na asiamke. Ikupa aliniambia maneno hayo kesho yake kwenye ofisi ya walimu.

Vitus alirudi nyumbani kila Jumamosi. Ikupa alimpokea mkoba mlangoni, akamwambia pole na kazi, na Vitus akajibu kama sisi sote tunavyojibu, "Nimeshapoa." Ikupa alifurahi sana. Alikuwa ananiambia kwamba mume wake anafika nyumbani ametulia kweli, uso umekunjuka, anakula vizuri, analala kama mtoto. Aliamini ni mazoezi aliyomwandikia. Kipimo cha presha nacho kilikuwa kinakubaliana naye.

Asichokijua ni kwamba Vitus, akishuka kwenye bajaji, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa kinyozi Isihaka, hapo barabarani, kunyolewa ndevu ambazo kwa kweli hakuwa nazo. Isihaka ni Mngoni wa Songea, Mwislamu, mdomo wake hauna breki. Na Mngoni na Mhehe ni watani tangu enzi za vita vya mababu zao. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu wote na wewe huna ruhusa ya kununa, una ruhusa ya kumjibu tu, na ukimjibu vibaya zaidi ndiyo mnapendana zaidi. Sisi majirani tulikuwa tunanunua hata vocha pale ili tuwasikilize.

Siku Ikupa alipojua alikuwa anatoka semina Mbeya. Mimi nilikwenda kumpokea stendi, tukawa tunapanda pamoja kuelekea Kihesa. Pale kwa Isihaka akasimama ghafla. Mume wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, taulo shingoni, povu mashavuni, na kundi la wanaume limewazunguka.

"Jamani," Isihaka alikuwa anawaambia watu, ameinua wembe, "huyu Mhehe anaogopa maji ya kuoga tangu azaliwe, serikali ikaona hakuna mwingine wa kumpa kazi ya kugawa maji isipokuwa yeye. Angalia shingo hii. Hapa nikipanda mpunga unaota."

Vitus, yule Vitus asiyesema, alimgeukia na povu lake usoni. "Na nyie Wangoni mlitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini, mmepita nchi zote hizo, ili mje kunisugua mimi shingo. Sugua. Babu zako wangekuona wangerudi."

Watu wakaangua kicheko. Vitus mwenyewe alicheka mpaka machozi yakachanganyika na povu. Mimi pia nilicheka. Ikupa hakucheka. Alijua utani ni nini, hata Wanyakyusa wana watani wao, lakini alichokiona pale ni mume wake mwenye presha akidhalilishwa na kinyozi mbele ya kijiwe cha wavivu, tena akipandisha sauti, jambo ambalo alikuwa ametoka kuwakataza wafanyakazi wa Mbeya jana yake tu.

Kesho yake alikwenda kwa Isihaka, akanichukua niwe shahidi. Kwa heshima zote alimwomba aache. Alimweleza presha ni nini, na matusi yanafanya nini kwenye moyo wa mtu. Isihaka alimsikiliza mpaka mwisho, akifuta mashine yake kwa kitambaa. Akamwambia:

"Shemeji, mimi siku nikimwita Bwana Vitus atajua nimemchukia."

"Basi mwite hivyo," Ikupa akasema. "Ukimpenda, mwache apone."

Nilitaka kumwambia kitu tukiwa njiani, akaniwahi kwa kunifafanulia homoni za hasira mpaka tukafika kwake. Kubishana na Ikupa kuhusu homoni kulikuwa kazi bure.

Vitus alipoambiwa hakugomba. Alimpenda mke wake, na alijua hofu iliyomo ndani yake. Jumamosi zilizofuata alikuja moja kwa moja nyumbani. Akipita kwa kinyozi, Isihaka alisimama mlangoni na kumsalimia kwa adabu, Bwana Vitus, habari za safari, na Vitus akajibu nzuri, akaendelea na njia. Ilikuwa inatia huzuni kuwaangalia.

Nyumbani Ikupa alimtandikia mkeka sebuleni. Vitus alijilaza, akavuta, akashika, akaachia. Alikaza ngumi akazilegeza. Alipunguziwa chumvi, akatembezwa jioni kama wale wasichana wa bweni. Alifanya yote bila kukosa. Mlangoni bado aliambiwa pole na kazi, na bado alijibu nimeshapoa, lakini sasa alijibu kwa adabu tu, kwa sababu hilo ndilo jibu la pole na hakuna jingine. Ikupa alilisikia neno lilelile akaridhika nalo. Kipimo kilipoanza kupanda alidhani Vitus havuti vizuri, akamwongezea mazoezi.

Jumapili moja baada ya ibada Vitus alijaribu kumwambia. Najua kwa sababu Ikupa mwenyewe amenisimulia, na amenisimulia mara nyingi mno, kila mara akiikatisha hadithi mahali palepale. Walikuwa wanakunywa chai. Vitus aliweka kikombe chini akasema:

"Mama Anjela, kule kazini natukanwa na sijibu. Kwa Isihaka nilikuwa najibu."

Ilikuwa sentensi nzima ya ugonjwa wake, na alikuwa ameitoa bila kufichaficha. Ikupa aliisikia vizuri. Akamwambia kwa upole kwamba kujibu ni kuilisha hasira, kwamba hasira haitoki kwa mdomo, inatoka kwa pumzi, na akamwomba ajilaze mkekani. Vitus alimwangalia kidogo, kisha akajilaza. Hakulizungumza tena jambo lile.

Msimu wa kupandikiza miche, maji yakiwa machache na watu wengi, Vitus alianguka pembeni ya mfereji. Wakulima walewale waliokuwa wanamtukana ndio waliombeba, na mmoja wao alilia njia nzima hadi hospitali. Hakuamka. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani, kwamba presha ya namna ile huua hata watu waliotulia, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Huenda ni kweli. Mimi si daktari, na sitasema kwamba utani wa kinyozi ungemponya mtu. Ila nilimwona Vitus alivyokuwa akitoka kwenye kile kiti, na nilimwona alivyokuwa akitoka kwenye ule mkeka.

Tulimzika kijijini kwao, karibu na Kalenga. Asubuhi ya mazishi mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, akina mama wa kanisani wanaimba, na Ikupa amekaa chini ndani, Anjela amemwegemea. Mwalimu mmoja, nia yake njema kabisa, aliinama akamkumbusha avute pumzi, ashike, aachie. Ikupa alimtazama mpaka yule mwalimu akaondoka mwenyewe.

Msibani kwa Wahehe mtani ana kazi yake. Anamcheka marehemu, anaziba njia, anawachokoza waliofiwa mpaka mtu anacheka katikati ya machozi, na hapo kifua kinafunguka kidogo. Siku ile hapakuwa na kelele yoyote ya utani. Wazee wa ukoo wakaulizana, hivi huyu hakuwa na mtani? Isihaka alikuwepo. Alikuwa amekaa mbali, kwenye gogo, kofia yake ya kiislamu imelowa, mikono katikati ya magoti. Walimwendea, akatikisa kichwa. Aliwaambia alishakatazwa na mwenye mume.

Maneno hayo yakafika ndani. Ikupa akasimama. Wanawake walijaribu kumzuia, maana mjane haruhusiwi kutembeatembea, akawapita. Alikwenda hadi kwenye lile gogo, kanga ikiburura matope, mimi nimemshika mkono. Isihaka alipomwona akainuka haraka.

"Isihaka," Ikupa akasema, "naomba umtukane mume wangu."

Isihaka alifumba macho. Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki. Kisha alivaa kofia yake vizuri, akaenda akasimama mlangoni pale vijana walipokuwa wanataka kutoa jeneza, akatanua mikono yote miwili akaziba njia.

"Hapiti mtu," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake sana. "We Mhehe mvivu. Mchana kweupe umelala, watu wazima wamekuja na mvua hii, na wewe umelala. Unataka tukubebe, miguu yako umemwachia nani? Toka humo useme mbele yangu."

Halafu akanyamaza. Nadhani alinyamaza kwa mazoea tu, maana siku zote akishatukana alikuwa ananyamaza kidogo amwachie mwenzake nafasi. Watu nao wakanyamaza. Hata waimbaji waliacha. Tulisimama wote tunasikiliza mvua kwenye bati.

Mkono wa Ikupa ulikuwa unanibana mpaka vidole vinauma. Alikuwa analitazama lile sanduku.

"Mjibu, Baba Anjela," akasema. "Mjibu tu."

Vijana wakangoja kidogo. Isihaka akashusha mikono, akasogea pembeni, na wao wakatoka na jeneza.